Nipime wapi udongo wa bustani yangu? Jibu kwa dada wa Bwejuu

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Naishi Bwejuu, Unguja, nina kibustani nyuma ya nyumba, hatua kumi kwa sita. Nimepanda tungule, pilipili boga, bamia na mchicha, na namwagia maji ya kisima. Mchicha unakwenda, lakini tungule na pilipili majani yao machanga yanageuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Jirani ananambia nitie jivu. Mjini nimeoneshwa kijiti chenye sindano cha kupimia udongo. Kuna kijana anapita na kifaa cha kuunga na simu, anapima hapo hapo, na mbolea anauza yeye mwenyewe. Ndugu yangu aliyeko Uingereza anasema nimpelekee udongo akaupime huko. Wengine wanasema niende Kizimbani. Sina pesa ya kuchezea. Nipime wapi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi, dada yangu. Jivu usitie. Nalitanguliza hili kwa sababu jivu hutiwa jioni moja, na kulitoa ni kazi ya miaka. Jirani hakukusudia ubaya. Jivu linasaidia udongo wenye tindikali, na lau ungekuwa na shamba vilimani Pemba, ningekwambia pima kwanza, kisha huenda nasaha yake ikafaa. Kwako wewe ni kuongeza kile kile kilichozidi.

Bwejuu, kama Paje na Jambiani mpaka Makunduchi, imekaa juu ya maweni: matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, na juu yake udongo wa kina cha kiganja, penye shimo ukakuta zaidi. Jiwe lile ndilo lile lile linalochomwa kwenye tanuri likawa chokaa ya kujengea. Kwa hivyo kabla hujalipa hata shilingi, chukua kijiko cha udongo mkavu, kitie kwenye kisahani, kisha mimina siki au kamulia ndimu, utege sikio. Ukifoka na kutoa povu, chokaa imo, na pH yake, yaani kipimo cha tindikali, karibu hakika iko kati ya 7.5 na 8.4. Hapo 7 ni katikati, chini yake ni tindikali.

Manjano ya majani machanga yenye mishipa ya kijani, kwenye udongo wa namna hiyo, mara nyingi ni njaa ya chuma. Inashangaza, kwa sababu ule udongo mwekundu unaokaa kwenye mashimo ya maweni, wekundu wake wenyewe ni chuma. Chuma kipo tele. Ila penye chokaa nyingi hakiyeyuki, na mzizi haunywi kisichoyeyuka. Zinki na manganizi hupatwa na mkasa huo huo, na fosforasi nayo hushikwa na kalsiamu.

Sasa tazama: kisahani na ndimu vimeshakujibu nusu ya swali. Usimlipe mtu akuambie kwamba udongo wako una chokaa. Pesa yako ilipie yale ambayo ndimu haikuyasema, nayo kwako ni matatu: chumvi ipo kiasi gani, fosforasi na potasiamu zimepungua au zinatosha, na mboji iliyomo ni haba kiasi gani. Anayeweza kukupa majibu hayo kwa njia inayofaa udongo wa chokaa ndiye wa kwenda kwake.

Hiyo “njia inayofaa” ndiyo kiini cha jibu langu lote, basi nivumilie nikae hapo kidogo. Watu huuliza maabara ipi ni nzuri, kana kwamba uzuri wa maabara ni mmoja kwa udongo wote. Sivyo. Chukua fosforasi. Maabara haipimi fosforasi yote iliyomo, kwa kuwa nyingi imefungika na mmea hauifikii. Huutia udongo dawa ya kuyeyusha, kisha hupima kilichotoka, na kila dawa inaitwa kwa jina la aliyeibuni. Ya Bray, ya mwaka 1945, ni ya tindikali, na inafaa udongo wa tindikali. Ukiitia kwenye udongo wa maweni, chokaa huinywa ile tindikali kabla haijafanya kazi yake, na jibu hutoka dogo kuliko ukweli. Ya Olsen, ya 1954, ni bikaboneti ya sodiamu iliyowekwa kwenye pH 8.5, na ilitengenezwa kwa ajili ya udongo wa chokaa. Ya Mehlich 3, ya 1984, inapendwa na maabara nyingi siku hizi kwa sababu inatoa madini mengi kwa mara moja, lakini nayo ni ya tindikali, na penye chokaa nyingi huishiwa nguvu. Vipimo vitatu, udongo mmoja, majibu matatu.

Hili sikulisoma tu, limenigharimu. Zamani nilisaidia bustani ya skuli moja kusini mwa Unguja. Tukapeleka sampuli kwenye maabara moja, ripoti ikarudi safi, imepigwa mhuri: fosforasi haba sana, tieni mbolea ya fosforasi. Fedha zilikuwa za wazazi. Tukanunua, tukatia, na msimu ule majani yakazidi kuwa manjano kuliko mwanzo. Baadaye ule udongo uliobaki kwenye mfuko, ambao haukuguswa na mbolea, ukapimwa kwa Olsen, na fosforasi ikaonekana ilikuwa inatosha tangu awali. Ripoti ya kwanza haikuandika njia iliyotumika, na mimi sikuuliza. Tukawa tumerundika fosforasi juu ya udongo ambao chuma na zinki zake tayari ni shida kufikiwa, na fosforasi ikizidi huzidisha njaa hiyo. Wazazi walininyamazia kwa adabu, na ukimya ule ninao mpaka leo.

Kwa hivyo kabla ya kupeleka udongo popote, piga simu au nenda kwa miguu, ukaulize. Fosforasi kwenye udongo wa chokaa mnaipima kwa njia gani? Ukiambiwa Olsen, endelea. Ukiambiwa Bray, uliza kama wanayo nyengine. Ukiambiwa “sisi tunapima tu”, shukuru uondoke. Uliza pH wanaipima katika maji au katika myeyuko wa chumvi, kwa sababu ya katika maji huwa juu, mara nyingi kwa nusu pointi hadi pointi nzima, na mtu akilinganisha ripoti mbili bila kujua hilo atadhani udongo umebadilika. Uliza chumvi wanaipimaje. Uliza kama ripoti itaandika namba pamoja na vipimo vyake, yaani miligramu kwa kilo na mfano wa hayo, au itaandika “haba”, “wastani”, “nyingi” na basi. Ripoti isiyo na namba huwezi kumpelekea mtu mwengine akusomee. Na uliza bei kwa kila kipimo peke yake, kwa kuwa wengine huuza kifurushi kizima na nusu yake hukihitaji.

Kijiti cha sindano usinunue. Vile visivyo na betri ni vyuma viwili tofauti ambavyo vikiingia kwenye unyevu hutoa umeme mdogo, na sindano hucheza kwa kufuata umeme huo. Ukimwagia maji, jibu linabadilika, na udongo ni ule ule. Vile vifurushi vya unga na maji ya rangi ni bora kidogo: kwa pH vinaweza kukupa jibu la kukaribia nusu pointi, lakini upande wa fosforasi vinarudi kwenye shida ile ile ya tindikali na chokaa.

Kijana mwenye kifaa cha simu simhukumu bila kumuona, kwa sababu vifaa ni vya aina mbili na havifanani hata kidogo. Kuna cha kuchoma ardhini chenye miiba ya chuma, kinachokuonesha naitrojeni, fosforasi na potasiamu papo hapo. Hicho kwa kweli hupima namna udongo unavyopitisha umeme, kisha hukisia zile namba tatu kutokana na hapo. Sasa fikiria Bwejuu, ambako chumvi ya bahari nayo inapitisha umeme. Udongo wenye chumvi kitakuambia umeshiba mbolea. Na kuna kifaa cha mwanga, kinachomulika udongo na kulinganisha mng'ao wake na hazina ya sampuli zilizokwisha kupimwa kwa kemikali. Hicho ni elimu ya kweli, na kwa mboji na chokaa kinaweza kufanya vizuri. Kwa fosforasi inayofikiwa na mmea, na kwa chumvi, ni dhaifu. Tena uzuri wake ni uzuri wa hazina yake. Muulize: katika hazina yenu, udongo wa maweni wa Unguja umo? Kama haumo, kifaa kinamfananisha mgeni na watu asiofanana nao. Na akiwa anapima na kuuza mbolea kwa mkono mmoja, omba namba zako kwanza, uzisomeshe kwa mwengine, ndipo ununue. Akiwa mkweli hatokasirika.

Uingereza, achana nako. Udongo hauingii nchi hizo kama barua, unahitaji kibali, maana hubeba wadudu na maradhi ya mimea. Ndugu yako atajiingiza kwenye matatizo uwanja wa ndege kwa ajili ya nusu kilo ya udongo. Na hata ukifika, ushauri utakaokuja nao utakuwa wa viazi na nyasi za huko.

Mimi ningeanzia Kizimbani, kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo, ZARI. Sababu yangu si kwamba ni ya serikali. Ni kwamba watu wa pale wanajua maweni ni nini bila kuelezwa, na matokeo ukiyapata unaweza kukaa na mtu ana kwa ana akakufafanulia. Pitia kwanza kwa bwana shamba au bibi shamba wa wilaya yako, akuulizie ni vipimo gani vinafanyika kwa sasa, usije ukapanda gari mpaka huko na mfuko begani ukarudi nao. Kipimo usichokipata hapa, bara kuna Mlingano, kule Muheza mkoani Tanga, kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya bara, kinachoshughulikia udongo, na kuna chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine Morogoro. Maswali ni yale yale, nako uyaulize. Na kabla ya kuupandisha udongo boti, waulize maofisa wa karantini ya mimea bandarini utaratibu wake.

Kama una shaka na maabara yoyote, ipo njia ya kuijaribu ambayo gharama yake ni bei ya sampuli moja zaidi. Changanya udongo wako vizuri, ugawe mifuko miwili, mmoja uandike A na mwengine uandike K, upeleke yote kama bustani mbili. pH zikirudi zimepishana kwa 0.1 au 0.2, kazi ni nzuri. Zikipishana kwa pointi nzima, umejua la kufanya. Unaweza pia kuwauliza kama hulinganisha vipimo vyao na maabara nyengine. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliunda mtandao wa maabara za udongo duniani, GLOSOLAN, mwaka 2017 kwa kazi hiyo, na maabara inayoshiriki jambo la namna hiyo hulitaja kwa furaha.

Naogopa hata hivyo kwamba tunazungumza udongo na tatizo lako la pili limo kisimani. Upande wenu maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe lenye matundu. Kaskazi ikikauka na watu wakivuta maji mengi, yale ya chini hupanda. Unamwagia kila jioni, maji yanaruka hewani, chumvi inabaki. Kwa hivyo pamoja na udongo peleka chupa safi ya maji ya kisima chako, iliyosuuzwa mara tatu kwa maji hayo hayo na kujazwa mpaka shingoni. Kipimo chake ni upitishaji umeme, kwenye ripoti huandikwa EC. Chini ya 0.7 kwa kipimo cha dS/m (desisimensi kwa mita), mwagia kwa raha. Kati ya 0.7 na 3, chagua mimea na mwagia kwa wingi ili chumvi isukumwe chini. Ikipita 3, hiyo bustani utaisumbukia bure mpaka upate maji mengine, na mvua ya masika uivune kwenye tangi. Kikalamu cha kupimia EC ya maji ni kifaa kidogo ambacho nakiamini, kwa sababu hapa umeme ndio hasa tunaoutaka kuupima. Mkijikusanya majirani watano mkanunua kimoja, mnapima visima vyote kila mwezi. Ila kikisoma kwa maikrosimensi, 700 yake ndiyo 0.7 yetu.

Kwenye udongo, pilipili boga huanza kupunguza mavuno EC ikipita 1.5, na tungule ikipita 2.5. Vitunguu havifiki hata hapo, mwisho wao ni 1.2, na maharage ni 1. Namba hizi ni za maji yaliyokamuliwa kwenye udongo ulioloweshwa ukashiba. Maabara nyengine huchanganya sehemu moja ya udongo na tano za maji, na hapo namba huwa ndogo mara kadhaa. Ripoti ikisema 0.4 kwa njia hiyo ya pili, usishangilie kabla hujauliza.

Basi kwa bustani yako ningeagiza hivi: pH katika maji, EC, chokaa iliyomo, kaboni ya mboji, fosforasi kwa Olsen, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na sodiamu. Pesa ikibaki, zinki kwa njia ya DTPA, dawa inayotoa ile zinki ambayo mmea unaweza kuifikia. Naitrojeni iache, inabadilika kila mvua inaponyesha, na mchicha wako utakuambia mapema kuliko ripoti. Chuma pia kiache, kwa sababu nitakupa kipimo chake cha bure. Anayenisoma akiwa na bustani Pemba kwenye udongo wa vilima aagize tofauti: pH, tindikali inayotokana na alumini, na kwake Bray inafaa. Na mwenye uani Mji Mkongwe, penye vifusi vya kuta za mawe na chokaa, ahesabu kwamba amekaa juu ya maweni hata kama ardhi ya asili si hiyo, tena kama paliwahi kuvunjwa betri za gari au kukwanguliwa rangi kuukuu, aagize kipimo cha risasi kabla hajawalisha watoto mchicha.

Kuchukua sampuli ndiko watu wanakoharibu, na maabara haiwezi kukutengenezea hilo. Subiri angalau wiki sita baada ya kutia mbolea au samadi. Kwa Unguja napenda Januari au Februari, kabla ya masika. Chukua ndoo safi ya plastiki, si ya bati, kwa sababu bati lina zinki. Tembea bustani nzima kwa kwenda mshazari, chimba mahali kumi na tano mpaka kina cha sentimita 15, au mpaka jiwe likikuzuia, na kila shimo kata kipande cha udongo cha unene ulio sawa kutoka juu mpaka chini. Ruka penye jaa la zamani, jiko la kuni, na chini ya michirizi ya paa. Changanya, ondoa mawe na mizizi, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayokabiliana, rudia mpaka ibaki nusu kilo. Anika kivulini juu ya karatasi. Usianike juani wala usikaushe jikoni. Pale tungule zinapougua vibaya fanya mfuko wake peke yake, na pale mchicha unapostawi mfuko wake. Mifuko miwili hiyo ikilinganishwa inafundisha kuliko mmoja uliochanganya wagonjwa na wazima.

Ripoti ikija, fosforasi ya Olsen chini ya miligramu 10 kwa kilo ni haba kwa mboga. Ukiona ushauri wa kutia salfa ili kushusha pH, fanya hesabu kwanza. Eneo la mita 10 za mraba, kwa kina cha sentimita 15, lina karibu tani mbili za udongo. Chokaa ikiwa asilimia 1 tu ni kilo 20 hivi, na kuimaliza kunataka kilo 6 za salfa. Udongo wa maweni hauishii asilimia 1. Pesa hiyo ipeleke kwenye mboji na samadi iliyooza, kila msimu bila kukosa, maana mboji hufunga chuma namna ambayo mzizi unaweza kukipokea. Mwani unaotupwa na bahari pwani kwenu nao unafaa, lakini uache upigwe na mvua mpaka uishe chumvi.

Na kile kipimo cha bure, au karibu na bure. Tafuta salfeti ya chuma kwenye duka la pembejeo, gramu 5 katika lita moja ya maji, matone mawili ya sabuni. Chagua tawi moja la tungule, ulifunge uzi, na jioni lipake majani yake machanga kwa kitambaa. Mengine yaache. Likirudi kijani ndani ya wiki moja hivi na mengine yamebaki manjano, ni chuma, na hakuna maabara itakayokujibu wazi kuliko hivyo. Hapo ukitaka mbolea ya chuma ya kutia ardhini, soma karatasi yake: inayohimili pH yako ni iliyofungwa kwa EDDHA, dawa inayokishika chuma kisigandwe na chokaa. Ya EDTA ni rahisi kwa bei, na kwenye maweni haifiki mbali.

Tawi hilo lianze wiki hii, usingoje ripoti. Ripoti ikija niletee na picha tatu: ya tawi lenye uzi, ya tawi lisilo na uzi, na ya kisima chako kilivyo, pamoja na umbali wake kwa hatua mpaka ufukweni.